Mashine ya Kufulia Ikianza Kucheza Ngoma

Tulichanga boom watu wanne, tukanunua mashine ya kufulia ya mtumba, ile ya mlango wa mbele. Siku ya kwanza, ilipofika kwenye kukamua, ilitetemeka mpaka ikahama ukutani. Fundi akataka hela ya msosi wa wiki nzima. Kabla hujamlipa wa kwako, chomoa umeme, kisha kagua haya.

Mtikisiko: tazama nyuma. Bolti za usafirishaji hubana pipa lisiyumbe njiani. Zisipotolewa, mashine nzima huruka. Zetu zilikuwemo! Kisha sawazisha miguu yote minne. Blanketi zito usilifue peke yake, hujikusanya upande mmoja.

Kelele: kugongagonga mara nyingi ni sarafu au kifungo. Mngurumo unaozidi kadiri kasi inavyopanda huenda ni beringi. Hapo mwite fundi.

Maji hayatoki: nyoosha bomba la kutolea maji kama limejikunja. Yakishapoa, tega beseni, fungua kichujio taratibu. Mara nyingi kipo chini mbele. Sisi tulikuta pini na soksi ya mtoto.

Spana ya kuazima ilitosha. Hela ya fundi tukanunulia sabuni, na chenji ikabaki.