Chakula cha pamoja nyumbani ni shule ya kijana

Zaburi ya 128 inapoeleza baraka za mtu anayemcha Mungu, inamtaja akila kwa jasho lake, na wanawe wameizunguka meza kama miche michanga ya mizeituni. Miche huhitaji mtu wa kuimwagilia na kuona mapema inapoanza kupinda. Jumapili hii tujiulize: watoto wetu wanakula wapi, na nani anawaona wakila?

Swali hili linawahusu sana wakazi wa Handeni na Korogwe, majirani wa Mkoa wa Tanga. Mji wa Korogwe uko kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Upande wa Handeni, Mkata na Kabuku ziko kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera. Mabasi na malori hupita usiku na mchana, na kando ya barabara hakukosekani chipsi, mishikaki, maandazi na soda.

Fikiria kijana wa bodaboda. Anaondoka alfajiri bila hata kikombe cha uji. Mchana anakula chipsi mayai akiwa juu ya pikipiki yake. Jioni anakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu ili apate safari mbili tatu zaidi. Akirudi saa nne usiku anakuta sahani yake imefunikwa na wenzake wamelala. Hakuna anayejua amekula nini tangu asubuhi.

Simlaumu muuza chipsi, kwani anatafuta riziki yake kwa halali. Wala sahani moja ya chipsi haimwangushi mtu. Hatari ni mazoea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa, kati ya watu 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, wapatao 26 walikuwa na shinikizo la damu na tisa walikuwa na kisukari. Magonjwa haya hayaanzi siku daktari anapoyagundua. Hujengwa kidogo kidogo, tangu ujana.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga. Soda ya nusu lita inaweza kuwa na sukari ya gramu 50 hivi, sawa na vijiko 12 vya chai. Nani atamfundisha kijana kiasi, kama hakukiona nyumbani?

Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto hukataa mnavu kwa uchungu wake, lakini akimwona baba anakula na mama anakula, siku moja naye huchovya tonge. Hivyo hivyo huzoea kisamvu, mlenda, kunde, makande na bada ya muhogo. Kwenye sinia hujifunza pia kusubiri wengine, kumwachia mdogo wake, na kusema nimeshiba wakati chakula bado kipo. Mafunzo haya hayatolewi kwa hotuba.

Korogwe inajua pia maana ya kula mbali na familia. Katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa pwani ya Tanga mwaka 1893, manamba wengi waliotoka mikoa ya mbali waliishi kambini kwa posho ya unga. Siku nyingine walishiba, lakini watoto wao hawakuwa nao. Leo tunaweza kuwa nyumba moja na bado tukaishi kama manamba: kila mtu na sahani yake, saa yake na simu yake.

Hata hivyo tusiisifu meza ya zamani kupita kiasi. Katika nyumba nyingi baba alipewa minofu, watoto wakaambulia mchuzi, na wasichana wakala mwisho. Hilo nalo lilikuwa somo, nalo lilikuwa baya. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu hiyohiyo: walikutana kula, lakini wengine walilewa huku wenzao wakibaki na njaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Yai au kipande cha samaki kinamfaa mtoto anayekua kwanza.

Najua kuna mama wa Handeni atakayeniuliza: nikirudi kutoka kuchota maji jua limezama, hiyo meza nitaiandaa saa ngapi? Ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana kazi hii si ya mama peke yake. Mvulana achote maji na apalilie bustani ya mchicha, baba akoke moto. Wala haihitaji fedha nyingi. Mithali 15 inatukumbusha kwamba mboga penye upendo inashinda ng'ombe aliyenona penye chuki. Mkeka na sinia moja vinatosha.

Tuanze na mlo mmoja, hata kama ni wa Jumapili baada ya ibada. Simu ziwekwe mbali. Kijana wa bodaboda akubaliane na wazazi siku atakayowahi kurudi. Machungwa yasiuzwe yote kwa wanaopeleka sokoni Kenya, yabaki ya watoto. Na tafadhali, wazazi, msigeuze chakula kuwa baraza la kesi. Vijana wengine hula barabarani kwa kukimbia masimango, wala si kwa kupenda chipsi.

Danieli alikuwa kijana alipopelekwa Babeli. Alipowekewa chakula cha mfalme, aliomba mboga na maji, na baada ya siku kumi afya yake ilionekana njema kuliko ya wenzake. Msimamo ule hakuufundishwa Babeli, alikwenda nao kutoka kwao. Watoto wetu nao wataondoka kwenda Tanga, Dar es Salaam na kwingineko, na huko hatutakuwepo kuwachagulia. Watachagua kwa mazoea waliyoyapata kwenye mkeka wetu.

Mungu abariki chakula chenu na wote watakaokizunguka leo. Jumapili njema.