Rununu na Matamshi ya Kiswahili Katika Madarasa ya Zombe

Zombe ni soko lililo mashariki ya mji wa Kitui, katika ukanda mkavu wa nchi ya Wakamba. Mtoto wa huko hukipata Kikamba nyumbani, sokoni na malishoni. Kwa mujibu wa sera ya lugha nchini Kenya, Kikamba ndicho pia hupaswa kutumiwa kumfundishia katika madarasa matatu ya kwanza, ilhali Kiswahili ni somo. Mbali na redio, kielelezo cha Kiswahili anachokisikia kila siku ni sauti ya mwalimu, ambaye aghalabu naye ni Mkamba. Makala haya yanaangalia nafasi ya rununu (wengine husema simutamba, na Tanzania simu ya kiganjani) katika hali hiyo. Hoja yake ni kwamba mwalimu wa Kiswahili atanufaika zaidi na kinasasauti, kilichomo karibu katika kila simu na kisichohitaji intaneti, kuliko programu yoyote iliyonunuliwa.

Athari ya lugha ya kwanza hapa inafahamika vyema kwa wanaisimu. Kikamba hakina /r/. Aidha, sauti /b/, /d/ na /g/ hutokea humo zikiwa zimetanguliwa na nazali, yaani mb, nd na ng. Neno gari lilipoingia Kikamba likawa ngali, na mabadiliko yote mawili yamo katika neno hilo moja. Mwanafunzi akirejea katika Kiswahili na mazoea hayo, maana hupotoka: karamu huwa kalamu, mahari huwa mahali, boga huwa mboga, na wafanyakazi waliogoma huonekana kama watu wa ngoma. Kosa hili halikomi mdomoni. Huingia katika insha, na mtahini hulihesabu kama kosa la tahajia.

Mwalimu anapolisahihisha papo hapo, mwanafunzi hurudia vilevile, kwa kuwa hasikii tofauti. Hapo ndipo simu moja ya mwalimu inapofaa. Mwanafunzi husoma kifungu kifupi kwa dakika moja, sauti yake ikinaswa. Kisha husikilizwa kifungu hicho hicho kikisomwa na mzungumzaji mwenye matamshi sanifu, ambaye rekodi yake imeandaliwa mapema. Wanafunzi huombwa kutaja mahali sauti mbili zilipoachana. Ni vyema kuanza na jozi za maneno kama hizo zilizotajwa, kisha sentensi, halafu hadithi nzima. Ikumbukwe kwamba mtoto asichekwe. Mwalimu mwerevu huanza na rekodi yake mwenyewe. Dakika moja ya sauti haizidi megabaiti moja au mbili katika simu nyingi, hivyo darasa zima hutoshea katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Tatizo ni spika: darasa la wanafunzi hamsini halisikii simu iliyowekwa mezani, na ni afadhali kugawa makundi au kuunganisha redio yenye tundu la waya.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini vishikwambi vya serikali visitumiwe. Ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013, na kuanzia mwaka 2016 vishikwambi vikagawiwa shule za msingi za umma kote nchini. Masomo yaliyowekwa humo yalikuwemo ya Kiswahili. Hata hivyo, kifaa kinachomsemesha mtoto bila kumsikiliza hakimtambulishi kosa lake. Utafiti wa Benjamin Piper na wenzake uliofanyika Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 unatoa funzo hapa. Walilinganisha kuwapa vifaa wanafunzi, kuwapa walimu, na kuwapa wakufunzi wanaowatembelea walimu. Matokeo ya usomaji hayakutofautiana sana baina ya njia hizo tatu, ingawa gharama zilitofautiana. Mradi wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, uliweka vishikwambi mikononi mwa maafisa waliozuru madarasa na kupima usomaji wa Kiswahili na Kiingereza. Kifaa kimoja kilihudumia shule nyingi.

Tahadhari moja yahusu programu zinazogeuza usemi kuwa maandishi. Google iliongeza Kiswahili katika huduma hiyo mwaka 2017, na ni hatua ya kufurahiwa na wapenzi wa lugha. Lakini programu hiyo imeundwa kukisia neno lililokusudiwa kutokana na muktadha. Mtoto akitamka "ngari" huenda skrini ikaandika gari, naye akaridhika. Kwa mwandishi huo ni msaada. Kwa anayejifunza matamshi, kosa limefichwa.

Kuhusu hifadhi, sauti ya mtoto ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Mwalimu na aieleze kazi hii katika mkutano wa wazazi, kwa Kikamba. Atunze rekodi mbili tu za kila mwanafunzi, ya mwanzo wa muhula na ya mwisho wake, na kuzifuta mwaka unapokwisha, baada ya mtoto kusikilizishwa zote mbili kwa mfululizo.