Taya Lililopita Kwenye Mionzi

Mkazi wa Bariadi aliyeondolewa sehemu ya taya kwa sababu ya saratani hurudi nyumbani akidhani safari imekwisha. Pengo limezibwa kwa kipande cha mfupa mwembamba wa mguuni, kikashikizwa kwa bamba la titani. Mionzi nayo imekamilika, iwe Bugando jijini Mwanza au Ocean Road, Dar es Salaam: kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki sita hivi, hadi kipimo cha takriban grei 60.

Hata hivyo, mionzi inayoua seli za saratani huharibu pia mishipa midogo inayolisha mfupa kwa damu. Taya la chini ndilo huathirika zaidi. Likijeruhiwa, mfupa waweza kufa na kujitokeza kinywani, bamba likawa wazi, tundu la usaha likafunguka shavuni, au taya likavunjika. Hatari hiyo hudumu maisha yote.

Kichocheo kikubwa ni kung'oa jino. Hapo ndipo wahudumu wa Simiyu wanapobeba dhamana, kwa kuwa jino linapouma mgonjwa huenda kituo kilicho karibu, na mionzi haionekani kwa macho. Kabla ya kushika koleo, mhudumu aulize: "Je, umewahi kutibiwa kwa mionzi kichwani au shingoni?" Jibu likiwa ndiyo, atulize maumivu, atibu maambukizi, na awasiliane na hospitali iliyotoa mionzi kabla ya kung'oa.

Kinga bora huanza mapema. Meno yasiyoweza kuokolewa yang'olewe kabla ya mionzi, na fizi zipewe takriban wiki mbili zipone. Maandalizi hayo yasicheleweshe tiba, kwani baada ya upasuaji mionzi inafaa ianze ndani ya wiki sita.

Nawe mgonjwa, tunza barua ya muhtasari wa matibabu yako na uioneshe kila unapotibiwa. Piga mswaki kwa dawa yenye floridi, kunywa maji mara kwa mara kwa kuwa mate hupungua, acha tumbaku, na fanya mazoezi ya kufungua kinywa kama ulivyoelekezwa. Ukiona mfupa, usaha au kidonda kisichopona, au ukihisi ganzi mpya mdomoni, nenda hospitali hata kama huna maumivu. Huenda ni mfupa unaokufa, huenda ni saratani inayorejea. Uchunguzi pekee ndio utakaotofautisha.