Ukuta Ulio Kando ya Barabara

Kisiwa cha Man kiko katika Bahari ya Ireland, kati ya Uingereza na Ireland. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Mei, barabara zake za kawaida hufungwa ili pikipiki zishindane. Zinapita kati ya nyumba, kuta za mawe na nguzo za taa, na penye njia iliyonyooka mwendo wao huzidi kilomita 300 kwa saa. Hakuna mashindano yanayofundisha zaidi kuhusu mwendo kasi, na somo lenyewe limelipiwa kwa damu.

Yote yalianza na sheria. Mwaka 1903 Uingereza iliweka kikomo cha mwendo cha kilomita 32 kwa saa, na mbio katika barabara za umma hazikuruhusiwa. Kisiwa cha Man kina bunge lake, na mwaka 1904 bunge hilo liliruhusu barabara zifungwe kwa ajili ya mbio za magari. Tarehe 28 Mei 1907 yakafanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya pikipiki yanayojulikana hadi leo kwa jina la TT. Charlie Collier alishinda katika kundi la pikipiki za silinda moja, kwa wastani wa kilomita 61 hivi kwa saa. Mwaka 1911 mbio zikahamishiwa njia ya mlimani yenye urefu wa takribani kilomita 60 na kona zaidi ya 200. Mwaka huohuo Victor Surridge alianguka akiwa mazoezini, akafariki. Tangu siku ile waendeshaji zaidi ya 260 wamepoteza maisha katika njia hiyo.

Kwa nini wengi hivyo? Tuanze na hesabu. Nishati anayobeba mtu aliye mwendoni haiongezeki sawasawa na kasi: kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Kugonga ukuta kwa kilomita 60 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka kimo cha mita 14, yaani ghorofa ya nne au ya tano. Kwa kilomita 120 kimo hicho kinafika mita 57. Mwaka 2023 Peter Hickman aliweka rekodi ya mzunguko mzima kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa, na hapo kimo ni karibu mita 190. Kwa kasi hiyo mtu husafiri mita 61 katika sekunde moja, hata kabla mkono haujafikia breki.

Lakini kasi peke yake haielezi vifo vyote. Katika uwanja maalumu wa mbio mtu hukosea kona akaserereka juu ya changarawe, kasi ikapungua kidogo kidogo, kisha akainuka na kujikung'uta vumbi. Kinachomwokoa ni nafasi. Barabara ya kawaida haina nafasi hiyo, kwa kuwa ilijengwa ili watu wafike nyumbani kwao, na ukingo wake ni ukuta wa nyumba ya mtu. Mwili unaosimamishwa ghafla na jiwe hupokea nishati yote kwa mara moja.

Wala ustadi hauondoi hatari hiyo. Mwaka 1972 Gilberto Parlotti wa Italia alikufa kisiwani humo akishindana mvuani. Rafiki yake Giacomo Agostini, bingwa wa dunia, akaapa kutorudi tena, na baada ya 1976 mashindano hayo yakaondolewa katika ubingwa wa dunia. Joey Dunlop wa Ireland ya Kaskazini, aliyeshinda kisiwani mara 26, aliteleza mwaka 2000 katika barabara yenye maji nchini Estonia, akagonga miti na kufariki. Mdogo wake Robert alikufa katika mazoezi ya mbio za barabarani mwaka 2008, na William, mtoto wa Robert, akafa vivyo hivyo mwaka 2018.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hata hivyo, mbio hizi zilisaidia kuleta kinga moja. Dkt. Eric Gardner, aliyehudumu katika uwanja wa mbio wa Brooklands nchini Uingereza, alichoshwa na kuona vichwa vilivyopasuka, akaagiza itengenezwe kofia ya turubai iliyofanywa kuwa ngumu. Kufikia mbio za TT za 1914, kuivaa kulikuwa lazima. Nchini Uingereza sheria ya helmeti kwa kila mwendesha pikipiki ilikuja mwaka 1973, karibu miaka 60 baadaye.

Kisiwani barabara hufungwa, wasimamizi husimama kwenye kona, madaktari na helikopta hukaa tayari, na kila mwendeshaji amefanya mazoezi kwa miaka. Pamoja na hayo yote, mwaka 2022 pekee walikufa 6. Kijana anayeshindana na wenzake usiku katika barabara iliyo wazi hana hata kimoja kati ya hivyo, na mbele yake kuna mama anayevuka na gari linalotoka uchochoroni, ambao hawakukubali kushiriki mbio zozote. Ukiipenda kasi, ipeleke uwanjani. Ukiwa barabarani, vaa helmeti, ifunge kamba, kisha punguza mwendo. Ukuta hausogei.