Wagalatia Walikuwa Nani? Majina ya Makabila ya Kale na Majina Yetu ya Katanga

Mara nyingi katika Misa msomaji hutangaza somo kutoka Waraka wa Mtume Paulo kwa Wagalatia. Waamini husikiliza kwa heshima, lakini ni wachache wanaojiuliza: Wagalatia hao walikuwa watu gani, nao walitoka wapi? Tukiitafuta habari yao tutaona kwamba inatugusa sana sisi tukaao Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miji iliyojengwa na watu waliotoka mbali.

Watu waliohama mbali

Wagalatia walikuwa Wakelti. Wakelti wa kale walienea katika sehemu kubwa ya Ulaya, toka Hispania na visiwa vya Uingereza mpaka kandokando ya mto Danube. Mnamo mwaka 278 kabla ya Kristo, makundi matatu ya Wakelti yalivuka mlango wa bahari yakaingia Asia Ndogo, nchi iitwayo leo Uturuki. Makundi hayo yaliitwa Tolistobogii, Tectosages na Trocmi. Wayunani waliwaita wote kwa jina moja, nayo nchi yao ikaitwa Galatia. Mji wa Tectosages ulikuwa Ancyra, ambao leo ni Ankara, mji mkuu wa Uturuki.

Mtakatifu Yeronimo, aliyeufafanua Waraka huo katika karne ya 4, aliandika jambo la ajabu. Alisema kwamba Wagalatia, pamoja na kusema Kiyunani, walikuwa bado na lugha yao wenyewe, iliyokaribia kuwa sawa na lugha ya Treveri. Hao Treveri walikaa Ulaya magharibi, karibu na mto Moselle, na Yeronimo alikuwa ameishi katika mji wao alipokuwa kijana. Kati ya mji huo na Ankara kuna zaidi ya kilomita 2,000. Ndugu walikuwa wameachana kwa miaka mamia, wakaitwa kwa majina mbalimbali, na hata hivyo lugha yao ilikuwa bado yashuhudia undugu wao.

Kalamu ya Warumi

Majina mengi ya makabila hayo tumeyapata kwa kalamu ya Warumi. Kaisari alipigana katika nchi ya Galia tangu mwaka 58 kabla ya Kristo, akaandika kitabu juu ya vita vyake. Kwa miaka mingi wanafunzi wa seminari zetu walijifunzia Kilatini katika kitabu hicho, nao walipaswa kuyakariri majina yaliyomo: Belgae, Remi, Nervii, Eburones, Treveri, Parisii.

Warumi walikuwa watu wa utaratibu. Baada ya kushinda walitaka kila mtu ahesabiwe chini ya jina moja, na kila jina liwe na mji wake ambapo hukumu ilitolewa na kodi ililipwa. Kwa hiyo waliziunganisha habari mbili katika jina la mji: kwanza jina la mahali, kisha jina la kabila. Lutetia Parisiorum maana yake ni Lutetia ya Parisii. Durocortorum ulikuwa mji wa Remi, Samarobriva mji wa Ambiani, Atuatuca mji wa Tungri. Miji mingine ilipewa jina la mtawala mwenyewe: Caesarodunum, yaani ngome ya Kaisari, katika nchi ya Turones, na Augusta Treverorum, mji wa Kaisari Augusto katika nchi ya Treveri.

Miaka ilipopita, majina mengi ya kwanza yaliachwa, yakabaki ya makabila. Lutetia ikawa Paris, Durocortorum ikawa Reims, Samarobriva ikawa Amiens, Atuatuca ikawa Tongeren. Jina la Kaisari likaanguka na mji ukaitwa Tours, kwa ajili ya Turones. Jina la Augusto likaanguka na mji ukaitwa Trier, kwa ajili ya Treveri. Si kila mahali palikuwa hivyo: Köln umetokana na neno la Kilatini colonia, yaani mji wa walowezi, na Autun umelihifadhi jina la Augusto mpaka leo. Lakini mara nyingi jina la wenyeji lilidumu kuliko jina la mwenye nguvu.

Jina dogo kukua, jina kubwa kutoweka

Majina hayo, je, yalikuwa ya kweli tangu mwanzo? Tacitus, mwandishi Mrumi, alieleza mwaka 98 baada ya Kristo kwamba jina Germani lilikuwa kwanza la kundi moja tu lililouvuka mto Rhine, lile ambalo wakati wake liliitwa Tungri. Baadaye likaenezwa kwa mataifa yote ya upande ule. Mpaka leo watu hao wana majina mengi. Sisi twawaita Wajerumani, Wafaransa huwaita kwa jina la kabila la Alamanni, nao wazee wa pwani waliwaita Wadachi. Wenyewe hujiita Deutsche.

Jina laweza kukua, tena laweza kuwindwa. Mwaka 54 kabla ya Kristo, Eburones, wakiongozwa na Ambiorix, waliangamiza jeshi kubwa la Kirumi. Mwaka uliofuata Kaisari aliwaalika majirani zao waje kuwanyang’anya, akikusudia kabila lile life pamoja na jina lake. Wenye kuwanyang’anya hawakuwa Warumi peke yao, bali hata watu wa makabila jirani. Baadaye nchi ile ilikaliwa na Tungri. Tangu mwaka 1866 sanamu ya Ambiorix imesimama Tongeren, lakini hakuna mtu ajiitaye Eburones.

Tazameni pia Wafaransa. Jina lao ni la Wafranki, kabila la Kigermani. Lugha yao ni mtoto wa Kilatini. Wazee wao wengi walikuwa Wakelti. Mnamo mwaka 500 mfalme wa Wafranki, Clovis, alibatizwa na Askofu Remigius pale Reims, mji wa Remi. Leo hakuna awezaye kutenganisha damu ya Mfranki na ya Mkelti katika nyumba moja ya Ufaransa.

Katanga yetu

Sasa tugeuze macho tutazame kwetu. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Wabelgiji. Likasi uliitwa Jadotville kwa ajili ya Jean Jadot, bwana wa migodi. Kalemie uliitwa Albertville. Mwaka 1966 miji mikubwa ya nchi ilipewa majina ya Kiafrika, na mji wetu ukachukua jina la mto wake, Lubumbashi. Jambo lile lile lilitendeka Caesarodunum. Ng’ambo ya mto Kongo, Brazzaville umebaki na jina lake, kama Autun ulivyobaki na la Augusto.

Hata jina Katanga lilikuwa dogo kwanza. Lilikuwa jina la mtemi mmoja na nchi yake ndogo yenye shaba. Wafanyabiashara na wageni wakalieneza mpaka likawa la jimbo zima. Tangu 1971 hata 1997 jimbo liliitwa Shaba, na mwaka 2015 liligawanywa sehemu nne, mojawapo Haut-Katanga.

Na makabila je? Bayeke ni wajukuu wa watu waliotoka Unyamwezi, nchi ya Tanzania ya leo, pamoja na Msiri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Jina lao lilikuwa kwanza la chama cha wawindaji wa tembo, likawa la kabila. Huko kaskazini, Stanley na maofisa waliomfuata walilieneza jina Bangala juu ya watu wengi wa mtoni ambao hawakujiita hivyo. Hata neno Waswahili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Na Kiswahili chetu cha Kongo kiliitwa Kingwana kwa sababu waliokileta walijiita wangwana, yaani watu huru.

Kisha ikaja serikali ya kikoloni na daftari zake. Kama Warumi, nayo ilitaka kila mtu awe na kabila moja, limeandikwa katika kitabu chake. Mbelgiji aliyemwuliza Mwafrika kabila lake hakukumbuka pengine kwamba nchi yake mwenyewe, ilipopata uhuru mwaka 1830, ilikuwa inachukua jina la Belgae, makabila yaliyotajwa na mshindi wao.

Jina linapokuwa silaha

Mambo haya si ya kufurahisha akili tu. Union Minière iliandika wafanyakazi toka Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Walikaa kambi moja, walichimba shimo moja, watoto wao walikaa darasa moja, na Kiswahili kikawa lugha ya wote. Lakini mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu mengi. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, wala hawajapata kuiona Kasai. Walilala majuma na miezi stesheni wakingoja treni, na wengi wakafa kwa njaa na magonjwa. Waliowafukuza walikuwa majirani.

Tena tukumbuke jambo moja. Jina Baluba ni la watu wa Kasai na la watu wa Katanga vilevile, na mapokeo ya Baluba wa Kasai yasimulia kwamba wazee wao walitoka huku Katanga. Kama Treveri na Wagalatia, ndugu waliachana njiani. Yeronimo alisikia lugha akatambua undugu. Sisi tulisikia lugha hiyo hiyo tukaifanya sababu ya kufukuza.

Wazazi, mtoto akiuliza, “Sisi ni kabila gani?” mjibuni bila aibu. Mfundisheni lugha ya babu, mithali zake, adabu zake na majina ya ukoo. Asiyejua kwao ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini mwambieni pia jinsi bibi zake walivyotoka huku na huku wakaolewa, na jinsi jina la kabila lilivyobadilika njiani. Yule awasikiaye wazazi wake mezani wakilitaja kabila la jirani kwa dharau atalitaja vivyo hivyo siku ya ghasia, na siku hiyo atakuwa na jiwe mkononi.

Kanisa nalo huita majimbo yake kwa Kilatini mpaka leo. Jimbo Kuu letu huitwa Lubumbashiensis, yaani la Lubumbashi. Warumi wangetaka baada ya jina la mji lifuate jina la kabila moja. Hapa halikuandikwa lolote, kwa kuwa abatizwaye katika jimbo hili, awe Mlamba, Mluba, Mlunda, Mbemba au Mtetela, yumo ndani ya jina hilo lote zima. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba katika Kristo Myahudi na Myunani ni wamoja. Waraka huo ukisomwa tena parokiani, tuusikilize kama watu walioandikiwa.