Mji wa Pwani kwa Miguu ya Mstaafu

Mtumishi wa umma katika Tanzania aghalabu huruhusiwa kustaafu kwa hiari afikapo umri wa miaka 55, na hulazimika kustaafu afikapo miaka 60, na tangu siku ile huwa na wasaa ambao kabla yake aliuota tu; walakini wengi hukitumia kiinua mgongo kujenga nyumba kubwa mahali ambapo hakuna duka, zahanati, msikiti wala kanisa linalofikika bila ya gari au bodaboda, kisha hustaajabu kuona kwamba wamejihukumu wenyewe kifungo cha kukaa barazani.

Maneno haya yanawahusu hasa wakazi wa nyanda za juu, wa Lushoto, Moshi, Arusha na Njombe, ambao kila Juni huingiwa na baridi katika viungo, ilhali pwani wakati huo huo kusi inavuma, joto limepungua na masika imekwisha kupita. Ifikapo Januari mambo hugeuka: pwani jua la kaskazi ni kali, na milimani ndiko kwenye raha. Basi si lazima mtu auhame mlima; yatosha augawe mwaka, kama walivyougawa mabaharia wa majahazi ya Arabuni na Ghuba, waliokuja na kaskazi, wakafanya maskani ya muda Lamu, Mombasa na Unguja, wakauza tende zao, wakaondoka kusi ilipoanza.

Kwa uzuri, Lamu haina mshindani. Mji ule, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa kipimo cha mwanadamu na punda wake. Gari halipiti katika vichochoro vyake, na matembezi ya ufukoni hadi Shela, mwendo wa kama kilometa 3, ni dawa ya siha na ya moyo pia. Lakini ni kisiwa, na ingawa hospitali ipo mjini, mgonjwa apewaye rufaa hana budi avuke maji kwanza, ama kwenda Mokowe ama kwenye uwanja wa ndege wa Manda. Mwenye miaka 60 na afya njema aende akafurahi. Mwenye miaka 75 na shinikizo la damu atafakari.

Mji Mkongwe wa Unguja umejaaliwa kuwa na soko la Darajani, hospitali ya Mnazi Mmoja na bustani ya Forodhani, vyote katika mwendo wa mtu asiye na haraka, ingawa vespa na pikipiki hupita vichochoroni kwa jeuri. Utalii, hata hivyo, umepandisha kodi za nyumba, na nyumba zenyewe, za mawe ya matumbawe na chokaa, hazivumilii kufungwa na kuachwa. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilianguka sehemu yake Desemba 2020. Na kama jumba la Sultani limefikia hapo, nyumba ya mstaafu inayokaa miezi tisa bila ya mtu itafikia wapi? Hii ndiyo sababu nawasihi wapange, wasinunue.

Tanga haitajwi sana na watalii, na kwangu hiyo ni sifa. Katikati ya mji barabara zimenyooka tangu enzi ya Wadachi, ardhi ni tambarare hata baiskeli imekuwa kipando cha kila rika, na Ngamiani barabara zimepewa namba, ya kwanza, ya pili na kuendelea, jambo ambalo mzee aliyeanza kusahau majina ya wajukuu wake atalishukuru. Hospitali ya Bombo inaitazama ghuba. Aipitaye akielekea Raskazone asubuhi hupata kivuli, upepo na bahari kwa pamoja. Samaki wako Deep Sea, mboga ziko Mgandini, na humo mtu wa Lushoto atazikuta kabichi za kwao, kando ya machungwa ya Muheza. Fauka ya hayo, akiitwa nyumbani kwa msiba, kupitia Mombo atawahi siku ile ile.

Aibu zake nazisema pia. Kituo cha mabasi cha Kange kiko nje ya mji, jioni mji hulala mapema, na mbu ni wengi. Na aliyeishi mlimani miaka mingi hana kinga ya malaria aliyo nayo mpwani, kwa hiyo chandarua na kupimwa upesi apatapo homa si mambo ya hiari kwake.

Anayekwenda kutafuta nyumba asikubali kuoneshwa akiwa ndani ya gari la dalali. Atembee mwenyewe kutoka mlangoni hadi sokoni saa nane mchana, arudi na kikapu kimejaa, kisha atoke tena baada ya sala ya Isha aone kama taa zinawaka na kama mitaro imefunikwa, na aulize katika duka la dawa lililo karibu kama dawa anazotumia hupatikana na kama kadi yake ya bima hupokelewa. Akiridhika, apange kwa miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti, na nyumba ya mlimani amwachie ndugu mwenye kuifungua madirisha.