Funguo za Miezi Mitatu: Mfanyakazi wa Muda na Ghala Isiyo na Mlango

Kila askari aliyewahi kushika zamu ya ghala ya silaha aijua ile saa ya makabidhiano. Anayeondoka na anayeingia husimama pamoja, bunduki huhesabiwa, namba husomwa kwa sauti, daftari hutiwa sahihi mbili, na ndipo funguo hupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hakuna afande atakayevumilia kuambiwa kwamba koplo wa zamu iliyopita amekwenda likizo na funguo zi mfukoni mwake, au kwamba kijana aliyeletwa kwa miezi mitatu amepewa ufunguo wa ziada ambao haukuandikwa popote.

Twaanza na habari hiyo kwa kuwa leo twapenda kuzungumza juu ya ghala ya namna nyingine, ambayo ndugu askari wengi huilinda kwa nje bila ya kuambiwa kilichomo ndani. Si siri kwamba wengi wa wasomaji wetu, wakisha kuvua sare, huajiriwa na mashirika yasiyo ya kiserikali hapa Uganda: langoni, bohari, usafirishaji, na waliokuwa signali huketi mbele ya kompyuta. Wengine huingia katika kamati za vyama vya wajane na mayatima, na siku moja hujikuta wakiulizwa nani aajiriwe. Basi yafaa waelewe kazi moja ambayo jina lake ni refu na mshahara wake wa wastani, lakini mamlaka yake yashinda ya mkurugenzi: kazi ya msimamizi wa mifumo ya shughuli za shirika.

Mtu huyu hafanyi nini? Hatengenezi waya wala habebi mashine. Yeye hutunza programu ambazo shirika hutegemea kuishi: hesabu za fedha, orodha ya mishahara, majina ya wafadhili, barua za kompyuta, malipo yanayotumwa kwa simu kwa watu mia mbili kwa mara moja, na daftari la wale wanaosaidiwa. Yeye ndiye aamuaye nani aingie, nani asome tu, nani aweze kubadilisha. Mkurugenzi akisahau neno lake la siri humwendea yeye. Mhasibu hawezi kuzifikia hesabu zake mwenyewe kama msimamizi huyu amemfungia. Na akitaka, aweza kujitengenezea mtumishi hewa mwenye jina zuri na namba ya simu, akamweka katika orodha ya malipo baina ya watu wa kweli.

Hutokea mwenye kazi hiyo akaondoka kwa muda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yampa mama aliyejifungua likizo ya siku 60 za kazi pamoja na mshahara wake wote, nayo ni haki isiyopunguzwa. Siku 60 za kazi ni karibu miezi mitatu ya kalenda. Katika miezi mitatu mishahara hulipwa mara tatu, mfadhili hudai taarifa ya robo mwaka, na pengine mkaguzi wa hesabu hubisha hodi. Shirika haliwezi kungoja. Hutafutwa mtu wa muda.

Na hapa ndipo twaona makosa yakianzia. Kwa kuwa kazi ni ya muda mfupi, uchunguzi nao hufanywa mfupi. Dereva wa kudumu huulizwa leseni, barua ya mwenyekiti wa mtaa na wadhamini wawili. Huyu wa miezi mitatu, atakayeshika kila kitu, huletwa na mtu aliyesikia kwamba fulani ni hodari wa kompyuta. Tumewahi kuona, katika shirika moja ambalo hatutalitaja, kijana aliyekabidhiwa maneno yote ya siri Jumatatu asubuhi, na barua yake ya ajira ikaandikwa mwezi uliofuata. Kijana mwenyewe alikuwa mwaminifu, twamshukuru Mungu. Lakini miezi minane baada ya kuondoka alikuwa bado akipokea barua za mishahara ya watu katika simu yake, na hakuna aliyejua mpaka aliposema mwenyewe.

Tusiwaonee watu wa muda. Wengi wao ni mafundi wazuri waliochoka kuahidiwa kazi ya kudumu isiyokuja. Wana haki zao, na shirika linalojiita la huruma halina ruhusa ya kuwafanya vibarua wa siku zote. Kanuni za ajira za mwaka 2011 zakataza mtu kuwekwa katika ukibarua kupita miezi minne. Akizidi hapo apewe mkataba wa maandishi. Tangu sheria ya akiba ya uzeeni iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri wa sekta ya binafsi, awe na watumishi wengi au mmoja, yampasa kupeleka michango katika mfuko wa NSSF: asilimia 10 kutoka kwake na asilimia 5 kutoka katika mshahara wa mtumishi. Mtu aliyelipwa haki yake na kupewa barua yenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho ana sababu chache za kuondoka na kinyongo, na kinyongo cha mwenye funguo ni kitu cha kuogopwa.

Katika kumchagua, maswali ya kitaalamu yana mahali pake, na jaribio la nusu siku katika daftari la majina ya bandia litaonyesha haraka nani ajua na nani ajisifu. Lakini sisi tungeanza na swali jingine: alipoondoka katika kazi yake ya mwisho, aliikabidhi vipi? Fundi wa kweli ataeleza bila ya kusita kwamba aliacha maandishi, nani aliyapokea, na lini alifungiwa milango. Asiye na la kusema juu ya hilo huenda bado ana funguo za watu. Kisha wadhamini wapigiwe simu. Barua nzuri yaweza kuandikwa na yeyote.

Mwenye kwenda likizo na mwenye kuingia wapate majuma mawili pamoja, kama zamu mbili zinavyokutana langoni. Wakubwa wengi hulalamika kwamba mfadhili hakuweka fedha ya kulipa watu wawili kwa kazi moja. Twalielewa lalamiko hilo, wala hatukubaliani nalo. Gharama ya majuma mawili huonekana mara moja katika karatasi. Gharama ya kuyakosa huja baadaye na haina kifungu katika bajeti.

Yako mambo mawili madogo ambayo twaomba yashikwe sana, maana ndiyo yanayoumiza mashirika madogo. La kwanza ni simu. Siku hizi mlango mwingi wa kompyuta hauridhiki na neno la siri. Hutuma tarakimu katika simu kwanza. Kijana wa muda akiandikisha simu yake mwenyewe, siku atakapoondoka tarakimu zitaondoka naye, hata kama ameacha kila neno la siri katika bahasha. Laini iwe ya shirika, na simu ilale ofisini. La pili ni jina la shirika katika intaneti, lile lifuatalo alama ya barua pepe. Hulipiwa kila mwaka, na onyo la malipo hupelekwa kwa aliyeliandikisha. Likiandikishwa kwa anwani ya mtu wa miezi mitatu, mwaka wa pili onyo humfikia yeye aliko Mbarara au Dubai, na asubuhi moja barua zote za shirika huacha kufika.

Kuna pia tabia mbaya iliyozaliwa na ukata. Kampuni ya Salesforce ya Marekani, ambayo programu yake hutumiwa na mashirika mengi duniani, huyapa yale yasiyo ya faida yanayokubaliwa nafasi 10 za bure. Ni msaada mkubwa. Lakini shirika lenye watumishi 15 likakataa kulipia nafasi tano huishia watu watatu kutumia jina moja, na siku fedha au majina yakipotea hakuna ajuaye ni mkono wa nani.

Mataifa makubwa nayo yamejifunza kwa uchungu. Mnamo Julai 2008 mhandisi wa mtandao wa kompyuta wa jiji la San Francisco alikataa kuwapa wakubwa wake maneno ya siri ambayo yeye peke yake aliyashika; akatiwa kizuizini, na hatimaye akayatoa kwa meya mwenyewe, Gavin Newsom, aliyemwendea jela. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Huyo alikuwa mtumishi wa kudumu. Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanyia kazi idara ya ujasusi ya NSA kupitia makampuni ya mkataba, aliondoka na nyaraka za siri nyingi mno. Tuache wengine wabishane kama alitenda wema au uhaini. Linalotuhusu ni lile idara hiyo ililolitangaza baadaye: kwamba wasimamizi wake wa mifumo, karibu 1,000, wangepunguzwa kwa asilimia kama 90, na kwamba milango fulani isifunguliwe na mtu mmoja peke yake. Askari wa ghala atacheka, kwani kanuni hiyo aliifundishwa akiwa kuruta.

Tena adui si lazima awe wa ndani. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wasiojulikana walizifikia habari za watu zaidi ya 515,000, kutoka kwa vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu: watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita na maafa, waliopotea, na waliomo vizuizini. Waliingia tarehe 9 Novemba 2021, na zilipita siku 70 kabla ya kugunduliwa. Walipitia kasoro ya programu ambayo kiraka chake kilikuwa hakijatiwa. Hapo hapakutajwa mtumishi wa muda. Lakini kutia viraka ni kazi ya kila juma ya msimamizi wa mifumo, na katika shirika dogo ndiyo kazi ya kwanza kusahauliwa pale ambapo mmoja ameondoka na mwingine hajaelewa.

Ndugu askari afikiri ni majina gani yaliyomo katika ghala hizi. Wamo wakimbizi wa Bidibidi waliotoroka vita Sudan Kusini, na ambao huenda bado wanatafutwa. Wamo wanawake waliowashtaki waume zao. Wamo wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi, na baadhi yao ni wake na watoto wa kambi zetu, waliokwenda kwa shirika la mbali makusudi ili jirani asijue. Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019 yamtaka kila azishikaye habari hizo azilinde, na zikivuja aiarifu mamlaka mara moja.

Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya mkataba ikifika, afande aliye katika kamati asikubali kijana aondoke saa sita kwa soda na mkono wa kwaheri. Mama aliyetoka likizo awe amekwisha kurudi mezani. Waketi wawili, na mtu wa tatu aandike: kila mlango ufunguliwe na anayerudi, kisha aliyekuwa wa muda ajaribu kuufungua mbele yao, ashindwe. Simu ya ofisi irudi kabatini. Mshahara wake wa mwisho uwe tayari siku hiyo hiyo, na barua ya shukrani iliyoandikwa vizuri. Ndipo watie sahihi, wote watatu, na saa.